Mpemba Niliyoifuta

Siku ile bado naikumbuka, mwanangu, na leo nikikuona unakunja nguo zako kwenda jeshini, yote yananirudia. Keti kidogo. Treni ya Kamina haijapata kuondoka kwa saa yake, wewe haraka ya nini?

Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo cha walimu. Ikatoka amri kwamba vijana wa chuo wavae sare za jeshi, tukapandishwa treni na kuletwa hapa hapa Kamina, kambini. Mama yangu alisikia habari akiwa shambani, kijijini kwetu kwenye barabara ya Kaniama. Akaacha jembe katikati ya mahindi, akatembea siku mbili. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Nilimkuta langoni mwa kambi, miguu imejaa vumbi. Alikuwa ameniletea samaki wakavu, na ndani ya kitambaa alikuwa na mpemba, ule udongo mweupe ambao sisi Waluba humpaka mtu tukimbariki. Akachovya kidole, akanipaka kwenye paji la uso.

“Mutoto yangu, uende, na urudie.”

Nyuma yangu wenzangu wa chuo wakaanza kucheka. Sisi eti tulikuwa watu wa vitabu, watu wa Kifaransa. Nikaona haya. Nikainua mkono wa shati, nikaifuta, naye kidole chake bado kiko juu. Hakulia. Alikikunja kitambaa polepole, akasema, “Haina neno,” akaondoka.

Sajenti wa lango, mzee mwenye mvi, alikuwa ametuona. “Weye mwanafunzi,” akaniambia, “minyi nitakupatia bunduki. Mama yako hana bunduki. Ile mpemba njo kitu moja tu iko nayo ya kukuchunga, na weye umefuta.”

Nilitaka kumkimbilia mama, lakini kizuizi kilikuwa kimeshushwa, na aliyevaa sare haulizwi anataka kwenda wapi.

Husemwa majuto ni mjukuu. Mimi yalinijia ningali kijana. Miaka miwili, kila tulipopelekwa mahali pa hatari, sikuogopa sana kufa. Niliogopa kufa kabla ya kumwomba mama radhi.

Waliponiachilia, nilikwenda moja kwa moja nyumbani. Mama alikuwa ameenda kisimani. Nikasimama mlangoni kumngoja, nikaona kwenye mwimo doa jeupe, nene, lililo kwenye kimo cha paji langu la uso.

“Mama anapakaka pale kila asubuhi,” dada yangu akasema. “Anasema njo urefu yako.”

Mama alinikuta nimepiga magoti hapo hapo, nalia. Akatua ndoo, akafuta vidole kwenye kitenge, akaingia ndani kutafuta kitambaa chake.

Mwanangu, radhi ni bora kuliko mali, na mimi naongeza, ni bora kuliko diploma. Usiione haya baraka ya aliyekuzaa. Wanaokucheka leo hawatakungoja kesho. Nimesikia umemkataza mama yako asije stesheni, kwa sababu ya marafiki zako. Amesimama pale nje ya mlango tangu asubuhi na ameshika kitu kwenye kitambaa. Nenda kwake, uinamishe kichwa.

Mungu akutangulie, na wazee wetu wawe nyuma yako. Uende, na urudie. Na ukirudi, unikute au usinikute, uanzie mlangoni kwa mama yako.