Mgombea wa Kijiko

Nilipomwambia mama kwamba ninagombea ubunge wa Thika, aliendelea tu kuchambua maharagwe. Alikuwa ameapa hatapiga kura tena maishani mwake, tangu mheshimiwa mmoja alipoingia nyumbani kwetu Kamenu, akanywa chai, akamaliza chapati zote, akaahidi maji ya mfereji, kisha asionekane tena.

"Hao watu ni kula tu wanataka," alisema.

Kwake, na kwangu pia, kula na kura ni neno moja. Sisi Wakikuyu wa nyumba ile, r na l zimetuchezea tangu utotoni, na hakuna aliyeona shida mpaka nilipoingia siasa.

Shida aliiona rafiki yangu, meneja wa kampeni yangu. Yeye ni mtu wa Membley, kule Ruiru, kwa hivyo hata kura yake isingenifikia, lakini ushauri alikuwa nao tele. Ndiye aliyechagua kijiko kiwe alama yangu ya mgombea huru, eti kila nyumba ina kijiko. Kisha akanisikia nikihutubia vijana nje ya kinyozi, akajishika kichwa.

"Buda, unaomba watu chakula," aliniambia. "Na uko na kijiko kwa poster!"

Alinifundisha wiki nzima. Nilisimama mbele ya kioo nikisema kura, kura, kura, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mama alipita na ndoo, akaniuliza kama nina njaa.

Siku ya mkutano wa Kiganjo nilipanda juu ya pikapu, suti ya kuazima ikinibana kwapani. Nikajikumbusha somo: kila l igeuke r. Au ni kila r igeuke l? Jasho likanitoka. Nikapaza sauti nikitumaini yaliyo mema.

"Watu wangu, nipeni kula! Nikifika bunge, sitakura pesa zenu! Sitarara!"

Mama mmoja muuza ndizi akapiga makofi.

"Haiya! Angalau huyu amesema ukweli mapema!"

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Tangu siku hiyo nikawa Mheshimiwa Kula. Watu wa boda boda walinipigia honi wakiliimba jina hilo, na akina mama waliniletea githeri kila nilipokwenda, kijiko kikiwa kimesimamishwa katikati. Nilinenepa kwenye kampeni, tena bila senti mfukoni. Meneja wangu alisema huo ndio umaarufu wenyewe. Mimi nilikasirika, tena sana, lakini githeri sikuirudisha.

Kwa kweli kicheko hakikuniuma. Kilichoniuma ni mama. Nilitaka mtu mmoja aliyenijua kabla ya poster aamini kwamba mimi si kama yule wa chapati. Siku moja kabla ya uchaguzi nilimuuliza kama atapiga kura.

"Si niliapa?" akanijibu, akaendelea kukunja nguo.

Sikumbembeleza. Nilinuna kama mtoto aliyenyimwa mandazi, mtu mzima anayetaka kutunga sheria za nchi.

Nilishindwa vibaya. Hata Kiganjo, walikonipenda kwa githeri, walimpa mtu mwingine. Nilirudi nyumbani mchana, simu nimezima, nikaketi mezani. Niliona aibu mpaka macho yakanichoma.

Mama aliniwekea sahani ya mukimo. Aliponipa kijiko niliona kidole chake cha mwisho, ukucha wake mweusi kwa ule wino wanaokupaka ukishapiga kura. Nikamtazama. Yeye akatazama dirisha.

"Nilikupea kula," alisema. "Sasa kura, chakura kinapoa."