Sahihi ya Siku Isiyofika

Watu wa mapokezi ndio waliombandika jina la Mama Hakikisha, na wala hakulichukia. Alikuwa fundi wa kompyuta katika maabara ya kupimia maji, mjane wa miaka arobaini na sita, mama wa mabinti wawili. Kwa miaka kumi na moja hakuna aliyewahi kumwona akiondoka mlangoni pake bila kuuvuta mara mbili kuona kama umefungika kweli. Ukimwambia nje mvua inanyesha, anakwenda dirishani. Ukimletea barua, anakagua muhuri kwanza, ndipo asome maneno.

Kompyuta zake nazo alizitunza hivyohivyo. Mafundi wa ofisi nyingine walichukua mfumo endeshi uliokwisha kuundwa, wakauweka, kazi ikaisha. Yeye alitaka msimbo wenyewe, yale maandishi ambayo watengenezaji wa mfumo waliyaandika mstari kwa mstari. Aliupakua kutoka kwenye mtandao, akahakiki sahihi ya waliouandika, kisha akauunda mfumo kwa mkono wake kwenye mashine iliyokuwa chumbani mwake. "Cha kupewa tayari sijui kimepita mikononi mwa nani," alisema.

Tatizo ni kwamba intaneti ya maabara ilikuwa ya kujikongoja. Picha moja ya mtoto wa mtu ilichukua muda wa kunywa chai na kuosha kikombe.

Mwezi huo watengenezaji walitangaza kwamba wamegundua mwanya ambao mtu wa nje angeweza kuupenya, na kwamba kila mwenye mfumo ule ausasishe haraka. Toleo lilikuwa jipya kabisa, kwa hiyo ilibidi apakue msimbo wote. Jumatatu asubuhi alianzisha kazi, akakaa akitazama tarakimu zikipanda kwa kusuasua. Saa saba mchana, zilipofika asilimia thelathini na moja, alifunga mlango, akauvuta mara mbili, akaenda nyumbani kula. Aliporudi alikuta kompyuta inamwomba nywila, kama iliyoamshwa usingizini. Kazi yote ya asubuhi ilikuwa imepotea.

"Umeme ulikatika?" aliwauliza watu wa mapokezi.

"Haukukatika, mama. Feni imezunguka tangu asubuhi."

Jumanne ikawa vilevile. Akapiga simu kwa kampuni ya intaneti, akaambiwa laini ni nzima. Hapo ndipo wasiwasi ulipomwingia sawasawa. Laini mbovu hukata upakuaji, lakini haizimi kompyuta na kuiwasha tena. Kuna mkono wa mtu, alijiambia.

Jumatano, kabla ya kutoka, alibana kipande cha karatasi katikati ya mlango na fremu, chini kabisa karibu na sakafu. Aliporudi kilikuwa kimelala ndani ya chumba. Kiti chake kilikuwa kimesogezwa kama shubiri mbili.

Funguo za akiba za vyumba vyote zilikaa kwa mtu mmoja tu, mpimaji mkuu, na mpimaji mkuu alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Ndiye aliyemtafutia kazi hiyo. Ndiye aliyekuja nyumbani kila Jumapili kuwatania mabinti na kukaza bawaba za kabati. Mama Hakikisha alijaribu kuliondoa wazo hilo kichwani, likarudi. Majibu ya vipimo vyote yalihifadhiwa kwenye kompyuta zile. Na wiki mbili zilizopita maji ya kiwanda kimoja cha maji ya chupa yalikuwa yameonekana machafu, yakapimwa tena, na mara ya pili yakaonekana safi. Aliyepima mara zote mbili ni shemeji.

Tangu hapo kila alichofanya yule bwana kilikuwa na maana. Akicheka, anaficha kitu. Akinyamaza, ndiyo kabisa.

Jumatano hiyohiyo alibadilisha mbinu. Badala ya kuupakua msimbo kwa mkupuo, aliuchukua vipande vipande, akianza na mabadiliko ya karibuni, halafu akirudi nyuma kidogo kidogo. Kila kipande kilichofika kilibaki, hata kama laini ikikatika. Alhamisi hakwenda nyumbani kula. Alijifungia ndani na mkate wake mkavu, akakaa kimya.

Saa saba na robo ufunguo ulizunguka kwenye kitasa. Mlango ukafunguka, na shemeji akasimama pale, mkono wa kulia kaupeleka nyuma ya mgongo.

"Ah! Kumbe upo, shemeji."

"Nipo. Ulikuwa unatafuta nini?"

"Hapana, nilikuwa napita tu. Nikasema nikuangalie kama umekula."

"Unaniangalia kwa ufunguo?"

Alicheka kicheko kikavu, akarudi kinyumenyume hadi kwenye korido, akaufunga mlango taratibu. Mama Hakikisha alibaki na tonge la mkate mdomoni.

Jioni ya siku hiyo kipande cha mwisho kilifika. Ijumaa asubuhi alikaa kuhakiki sahihi. Kila toleo la msimbo hutiwa sahihi na watengenezaji, na kompyuta ndiyo inayosema kama sahihi ni ya kweli. Aliandika amri, akangoja. Jibu lilikuja kwa mstari mmoja: sahihi imekataliwa, kwa kuwa imewekwa siku ambayo bado haijafika.

Aliusoma mara tatu. Nani anaweza kutia sahihi ya kesho au keshokutwa, kama si mghushi aliyekosea hesabu? Aliirudia amri, jibu likawa lilelile. Akachomoa waya wa mtandao, akachukua kalamu, akamwandikia mkurugenzi barua ya kurasa mbili: mtu anaingia chumbani kwa siri, anaizima na kuiwasha mashine, na sasa amenunuliwa, ameuchezea msimbo ili achezee majibu ya vipimo. Jina hakuliandika mpaka mstari wa mwisho. Aliliandika. Karani akaigonga barua muhuri wa kupokelewa.

Mchana mkurugenzi, mama mmoja asiyependa maneno mengi, aliwaita wote wawili. Akamsomea mpimaji barua nzima, neno kwa neno. Shemeji alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Ilipofika kwenye lile neno "amenunuliwa", aliinua uso, lakini hakumtazama mkurugenzi. Alimtazama shemeji yake.

"Uliingia au hukuingia?" mkurugenzi aliuliza.

"Niliingia. Siku tatu. Na jana nilijaribu."

"Kufanya nini?"

Akakohoa. "Kuchemsha maji ya chai."

Mkurugenzi mwenyewe ndiye aliyepiga marufuku mabirika ya umeme, baada ya soketi ya chumba cha vipimo kuungua. Shemeji alikuwa amelificha la kwake kwenye kabati la chupa tupu. Chumba cha fundi kilikuwa na soketi moja tu, tena mahali pasipoonekana na mtu, na saa saba hakikuwa na mwenyewe. "Nilichomoa plagi moja, nikachomeka birika, nikarudisha. Sikujua kompyuta inafanya kazi, skrini ilikuwa nyeusi. Kuhusu yale maji ya chupa, sampuli ya pili ilichukuliwa baada ya wao kubadilisha vichujio. Imeandikwa kwenye daftari, mheshimiwa. Mtu angeniuliza ningemwonyesha."

"Na ile sahihi?" Mama Hakikisha alisema. "Sahihi nayo ni chai?"

Alirudi chumbani mwake, akakaa mbele ya mashine, na kwa mara ya kwanza wiki ile aliiuliza kompyuta swali ambalo hakuwahi kufikiria kuliuliza: leo ni tarehe ngapi?

Ilijibu kuwa ni Januari tatu, miaka kumi na mitatu nyuma. Mwaka ule mumewe alikuwa bado hai.

Ndani ya kila kompyuta kuna betri ndogo, saizi ya kifungo cha koti, inayoitunza saa wakati umeme haupo. Ya mashine ile ilikuwa imekufa. Kila plagi ilipochomolewa, saa ilirudi kwenye tarehe ya kiwandani, Januari mosi, na mara ya mwisho ilikuwa Jumatano. Kompyuta nyingi huuliza saa kwenye mtandao zikajirekebisha. Yake haikuuliza, kwa kuwa yeye mwenyewe aliikataza, miaka minne iliyopita, akisema hawezi kuambiwa saa na mtu asiyemjua.

Alirekebisha tarehe kwa mkono, akarudia amri. Sahihi ilikuwa ya kweli. Ilikuwa imewekwa wiki iliyotangulia.

Alirudi kwa mkurugenzi mbio kuomba barua yake. Mkurugenzi akatikisa kichwa. "Imeshagongwa muhuri, mama. Inaingia kwenye faili. Andika nyingine." Akaandika nyingine, fupi, akakiri kila kitu. Mpimaji naye alitakiwa ajieleze kwa maandishi, akapewa onyo kwa ajili ya birika. Kompyuta zote tatu za maabara zikasasishwa kufikia Jumanne, mwanya ukazibwa.

Jumapili ile shemeji hakuja. Na iliyofuata hakuja. Mabinti waliuliza, mama yao akasema ana kazi. Jumapili ya tatu alivaa, akaenda kwake. Mkewe alimkaribisha vizuri mno, jinsi anavyokaribishwa mgeni.

"Nimekuja kuomba radhi," alisema Mama Hakikisha, shemeji alipotokea. "Si kwa maandishi."

"Yale maandishi niliyasoma. Yote mawili." Akavuta kiti, akakaa. "Kosa la kuingia chumbani kwako ni langu, nilistahili onyo. Lakini shemeji, kutoka mlangoni kwako mpaka kwangu ni hatua kumi na mbili. Ulishindwaje kuja kuniuliza?"

Mama Hakikisha alikuwa na majibu mengi, kuhusu kiti, karatasi, ufunguo, na mkono wa nyuma ya mgongo, na yote yalikuwa kweli.

"Niliogopa utanidanganya," alisema mwishowe.

"Hata pale mlangoni nilikudanganya," alisema shemeji. "Hilo ni kweli."

Mwezi uliofuata alianza tena kuja Jumapili. Watoto walimrukia, akawatania kama zamani. Ila alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, na kila alipotaka kuingia jikoni kunywa maji, alipiga hodi kwanza.