Mguu wa Papa Aluta

Siku yangu ya kwanza hospitalini hapa Kisangani nilivaa koti jeupe nililolipiga pasi mara mbili, nikajiona fundi. Mimi ni kine. Ndivyo wanavyotuita sisi tunaotibu viungo kwa mazoezi na mikono. Daktari mkuu akanizima pale pale: "Kine, usikimbilie kukanda. Mugonjwa akuonyeshe kwanza kazi yake." Nilicheka moyoni.

Miaka mingi baadaye, karibu na pensheni, akaletwa Papa Aluta, mvuvi wa kwenye maporomoko, mmoja wa wale wanaopanda miti iliyosimikwa majini kutega vikapu vya samaki. Miezi minne kiuno kilimuuma, na mguu wa kulia ulikuwa umekufa ganzi hadi kidole gumba. "Ilianza yenyewe," alisema. Wanawe walikuwa na jibu lao: shangazi yao, dada mkubwa wa Papa Aluta, ndiye mulozi, mchawi aliyemroga. Walikuwa tayari wamempa shangazi huyo mwezi mmoja ahame nyumbani.

Nami kwa ubishi wangu nilikanda mguu wiki tatu. Bure kabisa! Mwishowe nikamlaza chali, nikauinua ule mguu ukiwa umenyooka. Akapiga kelele: maumivu yalishuka kutoka kiunoni mpaka unyayoni. Kumbe mguu hauna kosa. Neva, mshipa wa fahamu, ilibanwa mgongoni. Lakini ilibanwaje? Niliona haya, nikamkumbuka daktari mkuu.

"Papa, onyesha vile munapandaka kutega vikapu."

Akasimama, akaanza kushika miti isiyokuwepo, mkono huu, mkono ule. Ghafla akasita, akajishika kiuno.

"Hapo kulikuwa nini, Papa?"

Machozi yakamtoka. "Nilianguka, Mama Kine. Nikapiga mukongo ku jiwe. Mutu wa maporomoko kuanguka? Batu bangenicheka."

"Na dada yako afukuzwe juu ya haya yako? Aa-a! Mazoezi tunaanza leo, lakini ile maneno utaisema wewe mwenyewe."

Picha ya mashine ya hospitali ilionyesha mto laini wa kati ya mifupa ya mgongo umetoka mahali pake. Na kabla mwezi ule haujaisha Papa Aluta alisema ukweli, mbele ya wanawe wote, nami nikiwepo. Dada yake akampiga kofi begani: "Mupumbafu! Si ungeniambia?" Kisha akalia, nami nikalia.

Vijana mnaoanza kazi hii, mashine zenu ni nzuri, zitumieni. Ila muulizeni mtu kazi yake, na mumpe nafasi ya kuwaonyesha.

Mwezi uliopita walinitembelea wawili hao, kwa miguu, wakiwa na samaki. Nikauliza habari za kidole gumba. Papa Aluta akavua kandambili, akakichezesha.

"Na siku hizi akianguka," dada yake akasema, "anakuja kuniambia mimi wa kwanza."