Kimeng'enya Nilichokisifu Redioni

Nilikisifu redioni kimeng'enya ambacho sijawahi kukiona. Wanaotafiti ubongo hukihitaji kwa majaribio yao: ni protini ya binadamu inayotengenezwa ndani ya seli za wadudu zilizopandikizwa jeni yetu, kisha husafishwa na kuhifadhiwa kwenye baridi kali. Kazi yake ni kubandika fosfeti kwenye protini nyingine, na inadhaniwa ubongo hushikilia jambo kwa njia kama hiyo. Niliona maelezo hayo ni makavu, nikayapaka mafuta. Nikasema hii ndiyo kamba inayoshona mdomo wa gunia la kumbukumbu, korosho zisimwagike. Mtangazaji alifurahi. Nami nikatembea Ruangwa nzima, ninakofundisha, kama mtu aliyeivumbua seli.

Dada yangu, anayeishi na mama yetu kijijini Ruponda, akanipigia simu.

"Gunia la mama limefunguka siku nyingi, mdogo wangu. Hiyo kamba unaileta lini?"

Nikasema nitakuja tuongee. Jibu la msomi.

Nilipofika, dada alikuwa ameshaomba nafasi kwenye friji ya jirani, mwalimu aliyehamia kutoka Kagera, maana alisikia kitu chenyewe kinataka baridi. Mama alikuwa barazani. Alinitazama kuanzia viatu.

"Wewe ndiye mnunuzi wa korosho?"

"Mwanao huyu, mama," dada akasema.

"Mnunuzi gani anakuja bila mizani?"

Dada akanivuta jikoni. "Iko wapi?"

Nikaanzia kwenye seli za wadudu. Nilipofika kwenye fosfeti akanikatiza.

"Fosfeti hii ya mbolea?"

"Ya ukoo huo."

"Basi ninayo mfuko mzima stoo. Sema tu, anakunywa au anachomwa sindano?"

Nikaeleza kwamba mama akikinywa kimeng'enya chenyewe, tumbo litakisaga kama maharage, na kwamba kukichoma kwenye damu ni hatari, na ubongoni hakitafika. Alinisikiliza kama mtu anayesubiri mgeni amalize kukohoa.

"Sasa vidonge vya presha vya mama nivirudishe au nisivirudishe? Nimevisimamisha tangu uliposema unakuja. Niliogopa kuchanganya dawa."

Presha ndiyo iliyomchukua baba. Nikaiacha hotuba.

"Dada, si dawa. Ni kitu cha kuchunguzia maabara tu. Pale redioni nilitia chumvi."

"Kwa hiyo mama hana dawa ya kusahau."

"Ninayoijua mimi, hana."

Akasukuma ukuni ndani ya jiko.

"Ungeanzia hapo," alisema. "Mimi nimeshamwambia mama atanikumbuka."

Akainuka, akateremsha vidonge kutoka rafuni, akanipa kikombe cha maji nishike, tukatoka wote barazani. Mama alimeza bila ubishi. Kisha akamuuliza dada kama mgeni ameshakula.