Safari ya Kuzifuata Sifuri Bondeni Kilombero

Nilirudi Ifakara kwa sababu ya sifuri. Mimi ni daktari wa usingizi, au tuseme robo tatu yake, maana bado nasomea ubingwa. Wenzangu wanasoma jambo moja. Mimi kwa kiherehere changu niliomba mawili kwa pamoja. Wiki tatu nipo chumba cha upasuaji nalaza watu, wiki ya nne nashika kalamu na kujifunza utafiti. Mama yangu mpaka leo anawaambia majirani kwamba kazi yangu ni kulala.

Utafiti wenyewe ni rahisi kuueleza. Mama akijifungua kwa upasuaji, ganzi ya mgongoni ikishaisha, je, vidonge vya kawaida vinatosha kumtuliza maumivu? Mwanzoni mwa mwaka nilikaa miezi miwili kwenye hospitali moja Ifakara, nikipita kitanda kwa kitanda na rula yangu ya maumivu. Sifuri maana yake huumwi kabisa, kumi maana yake hayavumiliki. Karibu kila mama aligusa sifuri. Nikaandika kwa furaha kwamba vidonge vinatosha, nikampelekea Profesa wangu, mama asiye na maneno mengi. Alisoma mpaka ukurasa wa mwisho, akavua miwani.

"Wewe umeshapasuliwa tumbo?"

"Hapana, Profesa."

"Mimi mara mbili. Rudi kule."

Hesabu yangu ilikuwa hivi: sifuri zikiwa za kweli, namaliza mwaka huu na wenzangu. Zikiwa za uongo naanza upya, na wao watavaa majoho mimi nikiwapigia makofi. Tena ripoti ikitoka ilivyo, hakuna atakayehangaika kuwaagizia wale mama dawa yenye nguvu zaidi. Hili la pili, nakiri, nililifikiria baada ya lile la kwanza.

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, basi liliondoka Dar es Salaam. Jirani yangu alikuwa fundi cherehani anayerudi kwao Kidatu. Aliposikia kazi yangu akaegemeza kichwa na kusema, "Basi nilaze mpaka Mikumi." Nikamwambia sikubeba dawa. Akalala hivyo hivyo, bila dawa, akawakosa twiga wote wa hifadhini. Nilipomwamsha Kidatu alinishukuru kwa kazi nzuri.

Mang'ula tulifika alasiri. Milima ya Udzungwa ilikuwa imejifunika mawingu upande wa kulia, na ndizi zikaanza kupitishwa madirishani kabla basi halijasimama vizuri. Nilinunua chane nzima nikaimaliza peke yangu. Kuanzia hapo ni mashamba na joto, kisha Ifakara yenyewe, na baiskeli zake zilizobeba magunia ya mchele mpaka mwendeshaji haonekani.

Nilifikia mtaa wa Viwanja Sitini, kwa Mama Generosa, nesi wa usingizi ambaye amewalaza watu wa bonde hili tangu mimi niko shule ya msingi. Alinipokea kwa wali na kambale, akasikiliza habari ya sifuri zangu huku akichambua miiba.

"Hawa wagonjwa mimi nawajua," alisema. "Nikiwalaza hawasemi uongo. Wakiamka ndiyo wanaanza adabu."

"Sasa nifanyeje, mama?"

"Usiende wodini. Kule kila mtu anataka kumfurahisha daktari. Mfuate mmoja kwake."

Ilikuwa rahisi kusema. Nilipiga namba tano za wale mama wa rula, na nne hazikupatikana, kwani wakati wa mpunga kuiva watu wa huku huhamia mashambani, familia nzima, na huko mtandao ni wa kubahatisha. Ya tano, ya mama mmoja aitwaye Kabula, alipokea mumewe. Alikuwa amepanda juu ya kichuguu.

"Ukifika Chita uliza kwa Masanja," alipiga kelele. "Nashuka sasa."

Alipokata sikumpata tena.

Ijumaa asubuhi nilipanda basi dogo la Chita, kisha pikipiki kati ya mipunga. Dereva, Mndamba mcheshi, aliniambia ninyanyue miguu kila tulipofika kwenye maji, na maji yalikuwa kila mahali. Nilifika kwa Masanja nimelowa mpaka magotini.

Kabula ni binti wa Kisukuma, wa miaka ishirini na kitu. Nilikuwa nimempa ganzi kwa mkono wangu. "Shikamoo daktari," alisema, akapiga goti kidogo. Mama mkwe wake nikamsalimia "Mwangaluka", akacheka Kisukuma changu, akaniletea maziwa mgando. Mtoto yule wa siku ile alikuwa amenona, ananitazama kama mdai. Nikatoa rula.

"Kabula, nikurudishe nyuma kidogo. Ile siku ya pili baada ya upasuaji, habari ya maumivu?"

"Nzuri tu, daktari. Nashukuru." Akagusa sifuri.

Nakwambia nilitamani kumkumbatia. Kazi imeisha, nikajisemea, joho langu hilo hapo. Ila pikipiki ilikuwa imekwenda, ingerudi saa tisa, na Kabula alikuwa na zamu ya kuamia ndege. Nikamfuata. Tukapanda juu ya dungu, lile jukwaa la miti lililoinuliwa juu ya mpunga, akanipa debe na kijiti.

"Usipige hivyo hivyo tu," alinifundisha. "Ndege wanakuzoea."

Tulikaa bega kwa bega, macho shambani, tunapiga debe na kupiga soga. Habari za kuku, za shemeji yake anayejifanya fundi simu, za mama mkwe anayempenda mjukuu kupita kiasi.

"Ana haki," Kabula alisema. "Yeye ndiye alimpakata mwanzo. Mimi mpaka siku ya tatu."

"Kwa nini siku ya tatu?"

"Ningemnyanyuaje? Akinigusa tumbo naona giza. Nilikuwa nauma kanga nisiwasumbue wenzangu. Kukohoa ndiyo usiseme."

Nikaacha kupiga debe. "Kabula. Mimi nilikuja siku ya pili na rula. Ukagusa sifuri. Hata leo."

"Ndiyo."

"Sasa?"

Alinigeukia, akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Si ulikuwa unanisalimia, daktari? Hujambo, umeamkaje, habari ya mtoto, habari ya maumivu. Nikaitikia vizuri. Nilijua ukimaliza salamu utaniuliza. Ukaenda kitanda cha pili."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Mimi mtoto wa nchi hii, niliyelelewa kujibu "nzuri" hata kama nyumba inavuja, ndiye niliyelipachika swali lile mkiani mwa salamu na kujiona mwenye heshima. Nilimwomba Kabula msamaha. Akasema yameisha, nipige debe, ndege wameshashuka upande wangu.

Jumapili nilirudi Dar es Salaam. Jumatatu nikasimama mbele ya Profesa.

"Sifuri zako zimesemaje?"

"Zilikuwa zinaniitikia salamu."

Hakucheka, ila alitaka. "Unaanza upya?"

"Naanza upya."

"Karatasi mpya niione Ijumaa."

Mchana huo huo nilikuwa na zamu wodini. Mama mmoja alikuwa amejifungua kwa upasuaji jana yake, amelala ubavu, kanga imemzunguka shingoni.

"Hujambo, mama?"

"Sijambo, daktari. Nashukuru."

Zamani ningekuwa nimeshaandika na kuondoka. Nilivuta kigoda nikaketi. Nikamuuliza ametoka wapi, nani amebaki na watoto wakubwa, mvua huko kwao imekuwaje. Rula ilibaki mfukoni. Kisha nikauliza, "Huyu mdogo, umeshampakata?"

Alitazama mlangoni, halafu akanitazama mimi. Ile kanga shingoni, niliona sasa, ilikuwa na alama za meno.

"Bado," alisema. "Naogopa hata kupumua."