Herufi P Mbele ya Jina la Mzee

Ukiniuliza chama chetu cha historia ya reli kilifanya nini Kisumu miaka ile ya themanini, nitakwambia kilinichosha. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, watu tisa au kumi tulijibana katika duka la fundi cherehani, karibu na landi, zile nyumba za safu za wafanyakazi wa reli, tukabishana. Tangi la maji la Kibos liling'olewa lini. Kengele ya stesheni ilipigwa mara ngapi kabla treni ya Butere haijaondoka. Mtu mzima na wajukuu wake angeweza kununa mwezi mzima kwa ajili ya kengele. Mimi nilikuwa katibu. Sikuchaguliwa kwa mapenzi. Nilikuwa karani wa ofisi ya mizigo na mwandiko wangu ulisomeka, basi.

Mwenyekiti alikuwa fundi mwenyewe, Mwislamu wa mjini ambaye babu yake alikuja na reli kutoka pwani akaishia hapa. Huyo alipenda treni kwa moyo safi. Alishona huku tukizozana, na pasi yake ya makaa ilikaa mezani katikati yetu ikitutoa jasho. Siku moja akasimamisha cherehani, akasema tutengeneze ubao wa majina ya Waafrika wote walioendesha treni za stimu, zile za mvuke, kutoka Kisumu, kabla dizeli haijashika njia, na tuutundike pale dukani. "Wazee wanaondoka," alisema. Nilijua kazi ingeniangukia mimi, na ikaniangukia.

Kati yetu alikuwepo mzee mmoja wa Usenge. Alikuwa amestaafu reli, anaishi chumba cha kupanga mtaa wa Nyalenda na mkewe, na wote tulijua anajiandaa kurudi nyumbani. Alitaka kitu kimoja tu: jina lake liandikwe katika ubao ule, na neno dereva kando yake, kisha apigwe picha amesimama chini yake, aende nayo Usenge. Sababu hakuificha. Kaka yake mkubwa alikuwa amemcheka tangu ujana wao, akisema kazi yake reli ni kuwasha moto ili wengine waendeshe.

"Mimi nimepandisha treni mpaka Maseno, peke yangu, mvua inanyesha," alituambia. "Magurudumu yanateleza, unafungua mchanga umwagike relini, kidogo kidogo. Ukiwa na haraka, umekwisha." Akisema hivyo mkono wake ulivuta kitu ambacho sisi hatukukiona.

Mwenyekiti alitaka tumwandike siku ileile. Mimi ndiye niliyekataa. Nilikuwa nimechoka na wazee wa kutia chumvi. Kila mmoja aliyewahi kufagia karakana alidai aliendesha treni ya gavana. Tena niseme ukweli, nilipenda kukataa. Ofisini kwetu gunia lisilo na karatasi halikuwa gunia, na mimi nilikuwa nimeishi hivyo muda mrefu mpaka nikaona ni akili. Nikasema, "Mzee, nitatafuta karatasi. Karatasi ikisema dereva, nitaandika dereva."

Nikatafuta, kwa shingo upande. Karani mmoja wa karakana aliniazima rejista kuukuu ya zamu, imeliwa na mende pembeni. Jina la mzee nililikuta, mwaka baada ya mwaka, na mbele yake herufi mbili zilezile: P.F. Ile F ilikuwa ya fayamani, mtu wa kulisha moto na kuchunga maji ya boila. Hiyo kila mtu aliijua. Na P? Kwetu ofisi ya mizigo, P mbele ya cheo ilikuwa na maana moja, probesheni: huyu bado yuko kwenye majaribio. Sikumuuliza mtu. Nilifunga rejista nikaenda kulala usingizi wangu.

Jumamosi iliyofuata mzee alikuja na kaka yake. Alikuwa amemleta kutoka nyumbani, safari yote ile, asikie kwa masikio yake. Kaka mtu alivaa koti zito na kofia, joto lote lile, akapewa kiti karibu na mlango. Ningeweza kumwita mzee pembeni. Sikumwita. Nilifungua rejista nikawasomea wote: fayamani, tena wa majaribio, mpaka ukurasa wa mwisho.

Mzee hakupandisha sauti. "Bwana Katibu, hiyo P siyo ya majaribio."

"Ni ya nini, Mzee?"

"Ni ya pasi."

Nikaitazama ile pasi ya makaa mezani, na mdomo wangu ukanitangulia. "Ya kunyooshea mashati?"

Duka zima likaangua kicheko. Kaka mtu, pale mlangoni, alicheka kuliko wote. Alivua kofia ajifute macho. Mzee alianza tena kusema, "Ni ya ku-" lakini nani alimsikia? Nilikuwa nimewachekesha watu ambao kwa miaka miwili walikuwa wakinichosha, na nilijisikia vizuri, nisidanganye. Mwenyekiti peke yake hakucheka. Alilowesha kitambaa akaendelea kupiga pasi suruali ya mtu.

Wiki chache baadaye mzee na mkewe walihama kwenda Usenge, hawakuaga. Ubao ulichorwa bila jina lake. Tulipiga picha chini yake, mimi nikiwa katikati kwa sababu ya kazi kubwa niliyofanya.

Chama kilizeeka nasi. Mwanzoni mwa miaka ya tisini ofisi yetu ilisafisha makabati, nikachukua kitabu kimoja cha kanuni za reli kisije kikachomwa. Sikuwa na hamu nacho. Nilikifungua nikiwa nasubiri chai, nikafika nyuma palipoorodheshwa vifupisho vya vyeo vya watu wa injini, nikaiona P.F. Ilikuwa fayamani aliyepasi: aliyefanya mtihani wa udereva akafaulu, na kuruhusiwa kuendesha treni peke yake kila dereva anapokosekana, huku akingoja nafasi yake ifunguke. Ya mzee haikufunguka mpaka akastaafu. Alipasi, alituambia amepasi, na neno lenyewe la Kiswahili alinipa mkononi. Chai ilipokuja sikuweza kuinywa. Niliona aibu.

Nilimpelekea mwenyekiti kitabu. Alisoma, akavua miwani. Siku hiyohiyo aliuteremsha ubao akamwita mchoraji. Jina likaongezwa chini, na neno dereva kando yake, rangi yake ikiwa mpya kuliko ya wenzake. Tukaupiga picha, nami nikapanda basi hadi Bondo, kisha gari jingine hadi Usenge. Nilikuwa mtu mzima mwenye magoti mabovu, na njia nzima nilijipangia maneno ya kumwomba msamaha.

Ufukweni nilikuta kina mama wakigeuza omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye nyavu zilizotandazwa juani. Nikawasalimu, nikauliza nyumba ya mzee aliyekuwa dereva wa treni.

Walitazamana. "Dereva wa treni hatuna hapa," alisema mmoja. Kisha mwenzake akakumbuka: "Labda anamtaka Mzee Pasi. Yule aliyekuwa akiwapigia pasi wakubwa wa reli." Na kwa upole kabisa akanionyesha mlango, hatua chache tu kutoka pale.

Mzee alinitambua kwa sauti. Macho yalikuwa yamepungua nuru. Mkewe alinipa kiti bila kunitazama. Nikasema yale niliyojipangia, nikampa picha, na mkewe akamsomea majina, moja moja, mpaka la mwisho. Mzee alipapasa karatasi kwa kidole gumba.

"Kaka yangu tulimzika," alisema. "Hiyo pasi alikuja nayo siku ile kutoka kwenu, akawagawia watu wote. Ameondoka, ameniachia."

"Nisamehe, jaduong'," nikasema. Mzee wangu.

"Mimi nikueleze nini? Nenda pale ufukweni, waambie wale. Mimi nikisema wanacheka. Wewe mtu wa ofisi."

Nikaenda. Nilisimama mbele ya kina mama wale, nikaeleza yote: mtihani, kitabu, zile herufi mbili, mlima wa Maseno na mvua. Walisikiliza kwa adabu, mikono ikiendelea kugeuza omena. Nilipomaliza, yule aliyenionyesha mlango akatikisa kichwa.

"Sawa, Bwana. Na hayo mashati ya wakubwa, alikuwa akiyapiga pasi saa ngapi?"

Wakacheka, bila ubaya wowote. Nikageuka. Mzee alikuwa ametoka akasimama mlangoni, ameshika picha, anasikiliza.