Mama Aliyetufungulia Masanduku

Hakuna jambo la dunia hii linaloweza kunishangaza. Shule niliiacha darasa la nne, mipaka nimevuka kwa miguu, na leo nina duka hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi Malawi, ambalo hata wenye diploma huja kuniomba kazi. Kwa hiyo Jumatatu asubuhi jirani aliposimama mlangoni akasema, "Papa, mama wa bidoni amekufa," sikutetemeka. Niliendelea kumpimia mteja mchele wake. Baadaye niligundua nilimpimia kilo tano badala ya mbili, naye, mtu wa Mungu, alinyamaza akaenda zake.

Wengi wenu mnaonisoma mlimjua. Mama wa Bukavu, fundi cherehani, mwembamba, mwenye maneno makali. Homa ya siku tatu tu imemchukua. Alipookota bidoni tupu, dumu la mafuta ya kula, lile la njano, aliikata kichwa, akaivika jinzi kuukuu kwa ndani na kitenge kwa nje, akaisukia mpini wa vitambaa. Ukiiona ukutani imebeba nguo za mtoto mchanga, utaapa imetoka ng'ambo. Kwa majirani, ngazi iliyovunjika aliigeuza rafu ya vyombo. Vifuniko vya sufuria zilizotoboka alivipigilia kando ya jiko, na miiko ikapata pa kukaa.

Siku aliyoingia kwangu mara ya kwanza, alikuta masanduku matatu yamepangwa nyuma ya mlango, yamefungwa kamba. Mnajua sababu, maana na kwenu yapo. Sisi hapa hatununui kabati. Tunasema mwaka huu tutaitwa kuhamia ng'ambo, tutapanda ndege, kabati tutamwachia nani? Mwaka unapita, tunasema ujao. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Papa, we unangojaka ndege gani? Yako si ilishaanguka?" Nikamjibu kwa hasira kwamba mimi si mtu wa kuchekwa nyumbani kwangu. Hakujali. Alikata kamba, akafungua, na suti yangu ya harusi ikatoka imeliwa na panya mgongo mzima. Mke wangu alilia. Mama yule akasema taratibu, "Unaona? Bantu banaishi, bintu byao bingali safarini." Jioni ile masanduku yangu yalisimamishwa wima, yakatiwa mbao, yakawa kabati. Kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi hii, nilijua soksi zangu ziko wapi.

Nikaona biashara, jicho hilo ninalo. Nikaanza kupeleka kazi zake City Centre, mjini Lilongwe, kwenye duka la mapambo ya nyumba. Mwenye duka, mama wa Kimalawi, aliuliza ni nani fundi. Nikajigonga kifua: mimi. Niliporudi nikamsimulia mama wa bidoni huku nacheka, nikidhani naye atacheka. Alivuta uzi, akaukata kwa meno. "Sawa, Papa. Biashara njo vile. Lakini siku moja unipeleke, nione kwenye bintu byangu binakaaka. Niangalie tu, sitasema kitu." Nikamwambia tutakwenda. Aliniuliza tena baada ya mvua, nikamwambia ruhusa ya kutoka kambini ina usumbufu. Akaniuliza tena, nikasema nina shughuli. Kweli ni kwamba niliogopa mwenye duka aione mikono yake, ilivyojaa alama za sindano, kisha aione yangu.

Kwetu, siku ya kuondoa matanga, kila mtoto hupewa kitu kilichotoka mikononi mwa marehemu. Binti yake wa pekee akaja kunipigia magoti mbele ya wazee. "Papa, nimetafuta nyumba yote. Hakuna hata kimoja chenye mama alitengeneza. Byote ulipeleka Lilongwe." Nguo za marehemu zilikuwa ndani ya mfuko wa unga. Wazee wakanitazama, nami nikaanza kuhesabu nauli ya Lilongwe.

Kesho yake nikapanda minibasi. Dukani ilikuwa imebaki bidoni moja tu, juu ya rafu, kitenge cha bluu chenye ndege weupe. Mwenye duka akacheka. "Achimwene, kaka yangu, fundi ananunua kazi yake mwenyewe?" Nikasema sikuitengeneza mimi. Hata moja. Akaacha kucheka. "Basi mlete huyo fundi, nina oda kubwa." Nikamwambia tumemzika Jumanne. Alishusha bidoni ile polepole, akafuta vumbi lisilokuwepo, akasema chukua bure. Nikakataa. Akasema basi nusu. Nikakataa.

Ndugu zangu, mcheza kwao hutunzwa, lakini sisi ambao kwetu ni mbali, ni nani atatutunza tusipotunzana? Mwenye mikono apelekwe akaone kazi yake ilipofika, angali na macho ya kuiona. Maana alipokuwa hai, safari ile ingenigharimu nauli ya watu wawili na aibu ya dakika tano. Aibu nimeilipa vilevile, yeye hakuona kitu, na bidoni moja, ili binti awe na cha kushika, nimeinunua kwa bei kamili ya dukani, kwacha elfu sitini na nane na mia tano.